Mali Bila Daftari



Wiki hii naomba idhini yenu niandike juu ya jambo ambalo ni nadra kuonekana katika ukurasa wa familia: oili na filta ya giaboksi ya gari la otomatiki. Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya gereji, na wana haki. Lakini katika oili hiyo mna kisa cha amana niliyopewa nikaipokea kwa mikono miwili, kisha nikaitunza kwa mkono mmoja. Nakisimulia bila kujipamba, ili aliye na dhamana ya mali ya mwenziwe asingojee kama nilivyongojea mimi.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2019, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mke, watoto watatu, na Toyota Premio ya mwaka 2004 yenye injini ya 1500 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne, aliyoinunua ilipoteremka bandarini Mombasa mwaka 2011. Eda ilipokwisha, shemeji alijifunza kuendesha, na alijifunzia gari hilo hilo. Wakati huo alikuwa ameanza kupika kwa kuuza: mahamri na sambusa za asubuhi, mikate ya sinia, na vyakula vya shughuli kila alipopata oda. Gari likawa ndiyo miguu yake. Alfajiri hutoka Kisauni na vyombo vyake vimefunikwa kwa vitambaa, akaingia katika foleni ya daraja la Nyali, akagawa bidhaa mjini, kisha akarudi kuanza upya. Karo za watoto zilitoka humo, na hata sasa hutoka humo.

Siku alipopata leseni aliniita mbele ya mama yetu akaniambia, "Shemeji, kuendesha nitaendesha, lakini ya chini ya gari mimi siyajui. Hayo nakuachia wewe." Nikamjibu, "Hayo yangu." Ni maneno mawili tu, mepesi ulimini.

Kwa haki, sikulala moja kwa moja. Oili ya injini niliibadilisha kila kilomita 5,000. Breki zilipolia nilizishughulikia. Magurudumu yalipokwisha nilinunua mengine. Betri ilipokufa nilileta mpya siku ile ile. Nikikumbuka sasa, naona kwamba nilikuwa nikishughulikia kila kitu chenye sauti. Giaboksi haikuwa na sauti. Mara moja nilimwuliza fundi mmoja juu yake, naye akaniambia kwamba oili ya otomatiki ni ya maisha, haibadilishwi. Neno hilo nililipenda, kwa kuwa lilinipunguzia gharama na kazi. Sikuuliza ni maisha ya nani. Ni kweli kwamba baadhi ya watengenezaji huandika katika vitabu vyao kuwa oili hiyo haihitaji kubadilishwa kwa matumizi ya kawaida. Lakini gari linalobeba mizigo kila siku, katika joto la pwani, likisimama na kuondoka mara mia katika foleni, halimo katika matumizi ya kawaida.

Katikati ya mwaka 2023 shemeji alinambia kwamba gari "linasita". Akitia gia ya D asubuhi, gari hungoja hesabu ya moja, mbili, tatu, kisha huruka mbele kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikasema nitaliangalia. Wiki mbili zikapita. Ndipo akapata oda ya biriani ya harusi huko Mazeras. Kupanda kutoka pwani kwenda Mazeras ni mlima mrefu, na nyuma alikuwa na masufuria mawili makubwa. Njiani injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari halikusonga kwa kiasi cha mngurumo ule. Alipanda polepole, malori yakimpigia honi, mwanawe mdogo akilia kiti cha nyuma. Alifika saa moja baada ya wakati. Mwenye shughuli alimlipa haki yake yote, lakini hakumwita tena.

Usiku ule niliketi ndani ya gari peke yangu. Nilifungua kidroo cha dashibodi kutafuta kitabu cha gari, na chini ya karatasi za bima nikalikuta daftari dogo la kaka. Niseme kweli: si kwamba sikuwa nimeliona. Kila mwaka nilipotoa karatasi za bima nililiona, nikalirudisha pahali pake. Nilijiambia kwamba ni uzito wa msiba unaonizuia kulifungua. Sasa najua kwamba kwa sehemu kubwa ulikuwa uvivu.

Nililifungua. Kwa mwandiko wake wa kulala upande, aliandika kila alichokifanya katika gari lile, tarehe na kilomita. Mwaka 2012, kilomita 58,900: "Oili ya giaboksi na filta. Nyumbani." Machi 2018, kilomita 98,400: maneno yale yale, na chini yake, "Kila 40,000, usingoje." Nikatazama dashibodi. Gari lilikuwa limefika kilomita 171,000. Tangu oili ile kuwekwa, lilikuwa limekwenda kilomita 72,600. Lililonichoma zaidi ni kwamba ile siku ya mwaka 2012 mimi nilikuwapo. Ndimi niliyemshikia tochi. Niliona kwa macho yangu oili ikitolewa na filta ikibadilishwa, na bado fundi aliponambia kwamba haibadilishwi nilikubali. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ilikuwa na daftari, asiyekuwapo ni msomaji.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Gari la gia za mkono lina klachi inayokanyagwa kwa mguu. Katika otomatiki, kazi ya mguu hufanywa na oili. Ndani yake mna pampu inayofyonza oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la chuma lililofungwa chini ya giaboksi, na kuisukuma kwa nguvu katika vijia vyembamba. Msukumo huo ndio unaozibana sahani za klachi zikashikana, gia ikaingia. Oili hiyo hiyo huipokeza nguvu ya injini kwa giaboksi, hulainisha meno ya gia, na hubeba joto kwenda kulipoza kwenye rejeta. Kazi nne, kimiminika kimoja. Sahani zikisuguana huacha unga, na oili ikizeeka kwa joto hupungukiwa na uwezo wake. Filta imekaa mdomoni mwa pampu: hakuna tone linalofyonzwa lisilopitia hapo. Ikizibwa na uchafu, pampu hunyimwa oili, msukumo hulegea, sahani huteleza badala ya kushika, na kuteleza huko huzidisha joto na unga. Ndivyo gari linavyosita, kisha siku moja likakataa.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mafundi wawili ninaowaheshimu. Wa kwanza, mzee wa kazi, alinambia, "Usiiguse. Imeshapita muda mrefu. Oili kongwe ndiyo inayozishikilia sahani zilizolika; ukiitoa, gari huenda lisiondoke hapo ulipolifungulia." Wa pili alinambia, "Kuiacha ni kuiua polepole." Nilipotafakari nikaona kwamba kila mmoja ana ukweli wake. Ikiwa sahani zimekwisha kabisa, oili mpya haziponyi; pengine hudhihirisha tu ugonjwa uliokuwa umefichika. Ikiwa bado zina uhai, oili iliyoungua inazila kila siku. Na hapakuwa na njia ya kuwa na yakini kabla ya kulifungua.

Nami nikajikuta kati ya njia mbili. Nikibadilisha na gari likafa, watu watasema nimelivunja. Nikiacha na likafa mwakani, hakuna atakayejua. Itasemwa kwamba gari lilikuwa zee, nalo limetumika. Njia ya pili ilikuwa na pazia la kujificha. Nakiri kwamba niliikalia njia hiyo siku tatu.

Siku ya nne nilikwenda kwa shemeji na daftari mkononi. Nilimweka wazi juu ya maneno ya mafundi wote wawili, na nikamwonyesha kurasa.

"Kwa hivyo miaka yote hii haikubadilishwa?" akauliza.

"Haikubadilishwa."

"Na wewe hukujua?"

"Nilipaswa kujua. Sikuuliza kwa kuwa sikutaka jibu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nimwonyeshe hiyo oili yenyewe. Tukatoka nje, nikachomoa kijiti cha kupimia, kile mafundi wanachokiita dipstiki, na kukipangusa kwa karatasi nyeupe. Oili ya aina hii ikiwa mpya ni nyekundu kama yakuti. Hii ilikuwa na rangi ya kahawa chungu. Shemeji aliinusa mara moja tu. "Hii imeungua," akasema. "Mafuta yangu ya mahamri yakifika hapa mimi huyamwaga, hata kama ni mengi. Sitii kinywani mwa mtu." Kisha akatoa hukumu yake: "Badilisha. Likifa, bora life tukilitibu kuliko life tukilitazama. Lakini binti awe pamoja nawe. Asiwe kama mimi, wa kuambiwa tu."

Tuliifanya kazi Jumamosi, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Binti wa kaka alikuwa Kidato cha Tatu. Nilivaa kikoi kuukuu, yeye alivaa dirii lililokwisha kazi, akafunga mtandio nyuma ya shingo usining'inie.

Kununua kulikuwa somo la kwanza. Kila giaboksi ina oili yake, na kosa hapa halisameheki. Aina ya oili imechongwa juu ya kijiti chenyewe: letu lilitaka Toyota T-IV. Nilichukua lita nne, filta, na gasketi ya sampu, nikampa mwenye duka la spea namba ya chesisi kutoka kwenye logbuku ili asikisie. Mwenye duka alitaka kunipa WS, akidai kwamba zote ni za Toyota. Ni kweli zote ni za Toyota, lakini si kitu kimoja wala hazichanganywi. Na magari yenye giaboksi ya CVT, ambayo sasa ni mengi barabarani, yana oili yao mbali kabisa.

Somo la pili lilikuwa la uhai. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Tulivuta breki ya mkono, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukainua mbele, kisha tukalikalisha gari juu ya stendi mbili za chuma chini ya sehemu ngumu za bodi. Kabla ya kuingia chini nilimwambia binti tulisukume kwa nguvu zetu zote. Halikutikisika. "Na lingetikisika, Ami?" akauliza. Nikamwambia kwamba lingetikisika, leo tungekunywa chai na kurudi ndani. Gari lilikuwa limetembezwa mwendo mfupi tu, oili ipate uvuguvugu na kutiririka vyema, bila ya kuunguza mkono.

Kabla ya kufungua chochote, nilimfanya anionyeshe sampu mbili: ya injini na ya giaboksi. Si wachache waliomwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaijaza injini mara mbili. Tulipokuwa na yakini, tukafungua kizibo, oili ikashuka ndani ya beseni. Kisha tukalegeza bolti za sampu moja baada ya nyingine, tukiacha za upande mmoja ziishikilie, kwa kuwa humo hubaki oili nyingine. Mimi kwa haraka zangu nililegeza moja zaidi, na kikoi changu kikapata haki yake. Binti alicheka hadi akaketi chini.

Sampu iliposhuka, moyo ulinidunda. Ndani yake mna sumaku ndogo zinazonasa vumbi la chuma, na hizo ndizo kitabu cha hali ya giaboksi. Zilikuwa zimevikwa utandu mzito wa kijivu. Nilimwambia binti ausugue kati ya vidole viwili aniambie anahisi nini. Akasugua taratibu. "Laini," akasema. "Kama wanja." Nikashusha pumzi. Ukiwa laini kama wanja, ni kulika kwa kawaida, ingawa wetu ulikuwa mwingi. Ungekuwa na vibanzi vya chuma vyenye kuchoma kidole, ingekuwa habari nyingine, na hapo oili mpya isingefaa kitu.

Filta hufungwa kwa bolti chache, na bolti hizo huenda zikatofautiana urefu. Binti alichora umbo la filta juu ya boksi la maandazi na kuchomeka kila bolti katika tundu lake, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Filta ya zamani tuliilinganisha na mpya ubavu kwa ubavu kabla ya kuifunga. Ukipewa isiyo yake, ni hapo utakapojua. Tulihakikisha kwamba mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda juu. Sampu tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukarudisha sumaku zikiwa safi. Gasketi kuukuu tuliikwangua yote. Hatukupaka gundi ya silikoni juu ya gasketi mpya, kwa kuwa kipande kidogo kikikatika na kuingia ndani huziba vijia.

Bolti za sampu ni ndogo, nazo zimeingia katika alumini. Hapa nguvu ni adui. Tulizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili, hadi zikashika. Kisha tukaziongeza kiasi cha mkono tu. Anayezikaza kama nati za gurudumu hukunja sampu, au hukata bolti ndani, na kazi ya asubuhi moja ikawa ya wiki.

Oili iliyotoka tuliipima kwa chupa za maji za lita moja na nusu: chupa mbili kasoro vidole viwili. Kiasi hicho hicho ndicho tulichokimimina mpya, kwa faneli, kupitia tundu la kijiti. Binti, ambaye hupenda hesabu, aliuliza giaboksi nzima hubeba lita ngapi. Nikamwambia karibu saba. Zilizobaki zimo ndani zaidi na hazishuki kwa kizibo. Akanyamaza kidogo. "Basi, Ami, saba toa tatu, nne za zamani bado zimo. Tukirudia tena, itabaki kama theluthi moja." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ndiyo maana baada ya wiki tatu tulimwaga na kujaza tena, safari hiyo bila ya kufungua sampu.

Tulilishusha gari, nikawasha injini, mguu juu ya breki, nikausogeza mkono wa gia taratibu kutoka P hadi gia ya mwisho na kurudi, nikipumzika kila mahali. Kipimo cha mwisho huchukuliwa gari likiwa limepata moto wake, injini ikiwaka, pahali palipo sawa: unachomoa kijiti, unakipangusa, unakirudisha, unakichomoa tena, na oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Ikipungua, gia husita; ikizidi, hupigwa ikafanya povu, na povu halina msukumo. Usiku tulitandaza boksi chini ya gari. Asubuhi lilikuwa kavu.

Shemeji ndiye aliyelijaribu kwanza. Alitia D, na gari likaitika kwa hesabu ya moja. Hakusema kitu, alizunguka mtaa mara mbili, akarudi, akazima, akaingia jikoni kukanda unga. Nami nilielewa.

Nisiwadanganye, wasomaji wangu. Halikurudi kuwa kama alivyoliacha kaka. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kuna mgongo mdogo, kama mtu aliyejikwaa kizingitini, nao haukuondoka hata baada ya kurudia mara ya pili. Oili mpya huzuia ulaji. Haiwezi kurudisha kilicholiwa. Kila ninapopanda gari lile nauhisi mkwao huo, na najua ni kiasi gani cha kilomita 72,600 ulichotoka. Lakini limepanda Mazeras mara kadhaa tangu siku ile, na masufuria nyuma, bila ya kulia. Leo limefika kilomita 196,000, na mahamri yanavuka Nyali kila alfajiri.

Oili chafu tuliitia katika madumu, tukaipeleka kwenye gereji inayokusanya oili kuukuu. Jirani aliiomba apake nguzo zake dhidi ya mchwa, nami nikamwomba radhi. Nguzo zake ziko hatua kumi kutoka kisimani, na ardhi yetu ya matumbawe hupitisha kila kinachomwagwa juu yake. Sikutaka kutibu gari la nyumba moja kwa kuwaharibia maji nyumba saba.

Kwa anayetaka kujaribu, nina nasaha chache. Ikiwa giaboksi yako haina kijiti cha kupimia, au ni ya CVT, mpelekee fundi mwenye ujuzi nayo, kwa kuwa kipimo chake hufuata joto maalumu na vyombo maalumu. Ikiwa huna stendi, usiingie chini. Na ikiwa gari ni la mwenzio, mweleze hatari yake kabla hujashika spana, maana hasara ikitokea ni yake.

Jioni ile ya Jumamosi binti alilichukua daftari. Chini ya mwandiko wa baba yake aliandika tarehe, na "Kilomita 171,300. Oili ya giaboksi na filta. Nyumbani." Kisha akaniuliza aandike ya kesho yake ni lini. Nikamwambia 211,000. Mama yake akasikia kutoka jikoni. "Daftari hilo lisirudi garini," akasema. "Lilete hapa, likae pamoja na la oda zangu. Nami nitakuwa nikilisoma." Ndipo nilipofahamu kwamba sehemu ya amana nilikuwa nimeirudisha kwa mwenyewe, na pengine hapo ndipo ilipostahili kuwa tangu mwanzo. Iliyobaki bado ni yangu.

Basi ukimaliza kuusoma ukurasa huu, nenda kwenye gari lako, au la mama, au la shemeji uliyemwambia "hayo yangu". Chomoa kijiti, kipanguse kwa karatasi nyeupe, utazame rangi, unuse. Kisha tafuta iliandikwa wapi mara ya mwisho ilipobadilishwa. Ikiwa haikuandikwa popote, anza daftari leo.

Wassalamu alaykum.